Upindo wa Joho la Waziri

Katika sehemu ya kwanza ya mchezo ule wa video wa falme za kale, malkia alipotiwa sumu, fundi cherehani alilia mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Sehemu ya pili ilipotoka, hadithi ikawa haimwingii tena. Mfalme akifungua tu kinywa, kidole gumba cha fundi, kilichokomazwa na sindano, hubonyeza kitufe cha kuruka maneno. Kisha huzunguka kambini akikagua mishono ya mavazi ya askari.

"Kwapa limebana," hunung'unika. "Huyu atainuaje upanga?"

Mwenye hamu amebaki mkewe, anayepiga pasi nyuma yake na kutaka sana kumjua muuaji. Jana waziri alipiga magoti kuungama.

"Sumu ile nilipewa na..."

Kidole kikabonyeza.

"Baba watoto! Na nani?"

"Sijui, mke wangu. Lakini umeuona upindo wa joho lake? Umefumuka!"

Mke akaisimamisha pasi, akamnyang'anya kidude cha kuchezea, akalirudisha tukio lile mwanzo. Waziri akapiga magoti tena. Mke akasogea karibu na kioo cha runinga, akakodoa macho.

"Hee! Kweli umefumuka," akasema, na waziri akamtaja muuaji bila wa kumsikiliza.