Mchanga Kwenye Mashuka

Kwa miaka thelathini na minne Nunzia Torrente aliogelea kwenye kila ufuko wa kisiwa chetu cha Favignana bila kulowesha hata kisigino. Aliogelea kwa simu. Kila Jumapili baada ya misa aliketi jikoni na aproni yake, akamsimulia dada yake mkubwa, Crocetta, jinsi alivyojitosa majini asubuhi ile. Crocetta alimsikiliza kutoka Ujerumani, kwenye mji wa viwanda alikoolewa na kupata kazi ya kushona viti vya magari.

Uongo wenyewe ulianza kwa huruma, kama uongo wetu mwingi. Jumapili ya kwanza kabisa Crocetta alikuwa akilia kwenye simu ya kibanda, sarafu zinamwishia, na katikati ya kwikwi akauliza, "Leo umekwenda baharini?" Nunzia alikuwa ametoka kudeki vyumba vinne vya wageni, mikono inanuka dawa ya choo. "Nimekwenda," akasema. "Cala Azzurra. Ungeyaona maji leo!" Crocetta akaacha kulia papo hapo. Basi ikawa ndiyo imetoka hiyo. Ukishaona dawa imemtuliza mgonjwa, utaacha vipi kumpa?

Msimcheke peke yake, maana kisiwa kizima ndivyo tulivyo. Wageni hudhani tunaishi majini kama pweza. Wakati wa joto, bahari inapokuwa tamu, sisi tuko ndani tunafua mashuka ya wanaoiogelea. Baridi ikija tuna nafasi tele, lakini nani mwenye akili timamu ataingia baharini mwezi wa pili? Mama yake Nunzia aliishi miaka themanini na saba hatua mia moja kutoka bandarini, na kila alipoyatazama maji alikunja uso kama anayemwona mkwe aliyemkataa tangu siku ya posa. Watoto wake wawili hakuna aliyejua kuogelea.

Ila Nunzia alikuwa na chuo chake, nacho ni mashuka. Kila Jumamosi wageni wakiondoka alikung'uta vitanda kwenye roshani, na mchanga ukamweleza kila kitu. Wa Burrone ulikuwa laini, umechanganyika na nyuzi kavu za majani ya bahari. Wa Cala Azzurra ulikuja na udongo mweupe, ukikauka kwenye foronya unageuka unga. Cala Rossa haina mchanga, ni mawe matupu, na waliotoka huko aliwajua kwa damu ya magoti kwenye taulo zake nyeupe, akawalaani mmoja mmoja. Ungemfunga kitambaa machoni ukampa shuka, angekutajia mgeni alishinda wapi. Hayo ndiyo aliyoyapeleka kwenye simu Jumapili, akayatia chumvi kidogo, na Crocetta akavuta pumzi upande wa pili kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Uongo ulidumu kwa sababu Crocetta hakuwa akija. Mumewe alikuwa mtu wa bara, wa Calabria, na kila Agosti ilikuwa lazima waende kwa mama mkwe mlimani, kula pilipili na kusikiliza lawama. Favignana alifika mara moja tu, Januari, kumzika mama, siku mbili na mvua. Kisha mwaka jana yule mume akafariki. Mwaka huu, mwezi wa sita, Crocetta akashuka kwenye boti ya kasi kutoka bandari ya Trapani na sanduku kubwa jekundu, akamkumbatia mdogo wake mpaka mifupa ikalia.

"Nina tiketi ya kurudi Jumapili," akasema hata kabla hawajatoka bandarini. "Lakini nikikuta maisha yako ni kama unavyonisimulia, Nunzia, naichana. Nabaki. Nimenunua na nguo ya kuogelea, ya bluu. Utanifundisha."

"Nitakufundisha," Nunzia akasema, akalinyakua lile sanduku kabla hajaulizwa lingine.

Alimtaka dada yake abaki. Aliyataka hayo kuliko kitu chochote duniani. Hakuwahi kuolewa, alimuuguza mama mpaka mwisho, na tangu hapo nyumba ilikuwa na viti sita na mkaaji mmoja. Sasa akaona wazi kwamba Crocetta akijua ukweli atapanda boti Jumapili, na hata zile simu zitakufa, kwani nani atampigia tena mtu aliyemdanganya miaka thelathini na minne? Usiku hakulala. Akajiita majina yote mabaya anayoyajua, na anayajua mengi.

Kilichomwokoa asubuhi yake ni chai na mkate.

Kwetu mtu aliyekula haingii baharini mpaka yapite masaa matatu. Tumbo litasokota, damu itaganda, utazama kama jiwe, na habari zako zitatumiwa kuwatishia watoto miaka ishirini ijayo. Hakuna daktari aliyewahi kutuambia hivyo, na hakuna daktari atakayetuambia vinginevyo tukamsikiliza. Tunabishana tu kuhusu mambo madogo, kwa mfano kama kahawa inahesabiwa, au kama tikiti maji ni chakula ama ni maji. Mwanamke wa Favignana anaweza kudanganya kuhusu umri wake na kuhusu dada yake, lakini masaa matatu ni matatu.

Basi Nunzia akaanza kumlisha dada yake.

Jumanne walitoka nyumbani saa tatu, wakafika Burrone, Crocetta akavua gauni. "Twende!"

"Umekunywa chai saa mbili, dada. Tusubiri saa tano."

Saa nne na nusu Nunzia akafungua kikapu. Mkate wa moto uliopakwa mafuta ya zeituni, nyanya, dagaa wa chumvi na jibini. Crocetta hakuwa ameuonja tangu ujana. Alikula machozi yakimtoka, na saa ikaanza kuhesabiwa upya. Saa saba na dakika ishirini, muda mfupi kabla ya hatari, yakatoka arancine, madonge ya wali wa kukaanga yenye nyama ndani, makubwa kama ngumi ya mwashi. Saa kumi ikaja granita ya lozi, ile barafu tamu ya kusagwa. Saa kumi na mbili upepo ukabadilika, na kwetu upepo ukibadilika ni kwenda nyumbani.

"Kesho," Crocetta akasema, akiikunja ile nguo ya bluu ikiwa kavu.

"Kesho, bila kukosa."

Jumatano ilikuwa biringanya za siki. Alhamisi ilikuwa kuskusi ya samaki, ambayo Nunzia aliamka alfajiri kuipika na kuibeba kwenye baiskeli, sufuria imefungwa kwa taulo, jasho linamchuruzika, akijiambia kwamba hakuna mjinga duniani anayefanya kazi ngumu hivi ili asiogelee. Na kwa kuwa huwezi kumlisha mtu wewe ukimtazama, naye alikula. Ijumaa asubuhi sketi yake ikakataa kufunga. Aliibana kwa pini ya nepi, akajitazama kwenye kioo na kucheka kwa uchungu. "Nunzia," akasema, "bata wa Krismasi hulishwa na mwenye nyumba. Wewe umejinenepesha mwenyewe."

Jumamosi, siku ya mwisho, vitanda vya wageni viliachwa vingoje, maana Crocetta alitaka Cala Azzurra, ile ya simu ya kwanza. Njia Nunzia aliijua vizuri, maana aliwaelekeza wageni kila siku: pita machimbo ya zamani ya mawe, shika kushoto, fuata ukuta. Kuipita kwa miguu yake ilikuwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusoma. Walipoteremka, maji yakawaka mbele yao, na Nunzia akasahau akasema kwa sauti, "Mama yangu, kumbe!"

"Kumbe nini?" Crocetta akauliza.

"Kumbe hakuna watu."

Walikuwepo watu mia mbili. Alikuwepo pia Gaspare, mwenye kibanda cha vinywaji, ambaye alisoma na Nunzia darasa moja na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu wakati huo.

"Nunzia! Leo jua limechomoza wapi? Au kuna mgeni amekukimbia na funguo?"

"Gaspare, funga mdomo ufungue chupa. Huyu ni dada yangu Crocetta. Nimekuwa nikimweleza ninavyoogelea hapa." Na chini ya meza akamkanyaga kidole gumba kwa uzito wake wote mpya.

Gaspare akayameza maumivu, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Ninyi wawili mmefanana," akasema. Kisha akaweka mkono kifuani. "Bibi, huyu? Huyu ni samaki. Kila asubuhi namwambia toka, unawatisha wateja."

Crocetta akamshukuru kwa heshima zote, na wakatandika taulo mbili mchangani. Walikuwa wamekula saa tatu. Nunzia alitazama saa yake kila dakika tano. Wajerumani waliingia majini na mikate mkononi, hawakufa, na yeye aliwatazama kwa hasira kana kwamba wanamharibia kesi. Ilipotimu saa sita kasoro dakika kumi, akaingiza mkono kwenye kikapu. Kilichobaki kilikuwa yai moja la kuchemsha. Akalimenya polepole, akalitia chumvi, akamnyooshea dada yake.

Crocetta hakulipokea.

"Nimeshiba, Nunzia," akasema. "Nimeshiba tangu Jumanne."

"Kidogo tu. La njiani."

"Njia gani? Maji yale pale." Crocetta akageuka, akamtazama usoni. "Miaka yote hii umenieleza mchanga. Mchanga wa Burrone, udongo wa Cala Azzurra, namna unavyoingia kwenye mishono, namna usivyotoka kwenye foronya. Ulikuwa ukitoka baharini ukiwa na foronya? Na hata Jumapili moja hukuniambia kama maji ni baridi."

Nunzia alibaki na yai mkononi. Alitaka kusema jambo la maana, likatoka la kijinga. "Hukuniuliza."

"Nilijua kabla msimu haujaisha, mwaka ule ule wa kwanza."

"Na ukanyamaza? Mimi nikaendelea kujikaanga miaka yote hiyo?"

"Ningekwambia, ungeacha. Halafu Jumapili ningesikiliza nini? Mama mkwe?" Crocetta akachukua mkono wa mdogo wake, yai na yote. "Ile kuskusi ndiyo iliyoniuma. Nilikuona unasukuma baiskeli na sufuria, nikasema mtoto huyu atakufa kwa uongo wake, na mimi ninakula tu. Ilikuwa tamu, nifanyeje?"

Hapo Nunzia akalia. Alilia waziwazi, mbele ya Wajerumani na mbele ya Gaspare, ambaye aligeuka akaanza kufuta glasi safi. "Nilitaka ubaki," akasema. "Nikadhani ukijua kwamba maisha yangu ni ndoo na mashuka ya watu, utaondoka. Sina bahari, Crocetta. Sijawahi kuwa nayo. Nina viti sita tu."

Crocetta alisimama, akajipangusa mchanga, akamvuta mdogo wake kwa kiwiko. Nunzia hakuwa na nguo ya kuogelea, maana samaki hanunui nguo ya kuogelea. Akachomoa ile pini, sketi ikaanguka, akabaki na shimizi nyeupe ya kwendea kanisani.

"Masaa matatu hayajatimia," akasema. "Bado dakika saba."

"Kaa kimya utembee."

Wakateremka wameshikana mikono, wajane wawili kwa kuwatazama, mmoja wa bluu na mmoja mweupe, wakikanyaga kana kwamba sakafu imetoka kudekiwa. Maji yakamfika Nunzia kwenye vifundo, yakamfika kwenye magoti. Akapiga ukelele uliowageuza watu mia mbili.

"Baridi! Crocetta! Ni baridi!"

"Eleza vizuri," Crocetta akasema, naye meno yanamgongana. "Hapa hakuna sarafu zinazoisha."

Nunzia akaeleza. Yalikuwa baridi kwenye magoti na mabaya zaidi kwenye mapaja, lakini ukisimama kidogo yanakuachia, na chini udongo unateleza kama sabuni ya kipande. Aliyaeleza hayo kwa pumzi fupi fupi, ameng'ang'ania mkono wa dada yake, na hawakuvuka kiuno. Walisimama pale mpaka vidole vikakunjamana. Yai likabaki kwenye taulo, na ndege wa baharini akalichukua.

Jumapili Nunzia aliamka mapema kama kawaida, akatandua kitanda chake, akapeleka shuka kwenye roshani na kulikung'uta. Mchanga ukamwagika mtaani. Aliuchukua kidogo kwa kidole, akausugua: mweupe, wa unga unga, Cala Azzurra. Alisimama nao muda mrefu, maana kwa miaka yote aliyokung'uta vitanda hakuwahi kukung'uta cha kwake kikiwa hivyo.

Kutoka bandarini boti ya kasi ya kwenda Trapani ikapiga honi mara moja. Nunzia akaenda haraka chumba cha pili, shuka begani, ili achukue na lile la dada yake. Hakuweza kulichukua. Crocetta alikuwa bado amelala juu yake, mdomo wazi, nywele zimejaa mchanga, na sanduku jekundu halijafungwa. Honi ikalia mara ya pili.

"Crocetta," Nunzia akanong'ona. "Boti."

"Siwezi kusafiri," Crocetta akasema bila kufumbua macho. "Sijala."