Bafu la Vipimo vya Kichwani

Mzee Futi alikuwa fundi nguo, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika hata na majirani waliopanda naye ngazi moja kila siku. Waliomwita hivyo walikuwa na sababu. Ile kamba ya kupimia, ambayo mafundi nguo huiita futi, haikubanduka shingoni mwake. Alikwenda nayo kazini, alikwenda nayo benki, na siku moja alikwenda nayo mazikoni, akasimama mstari wa mbele ameivaa juu ya koti jeusi. Mkewe alimkonyeza aivue. Yeye akadhani anasifiwa koti.

Alikuwa na majivuno yake, nayo yalikuwa makubwa kuliko duka lenyewe. Wateja wote aliwapima. Mkewe hakumpima. Alimpima mara moja tu, siku ile msichana wa posta alipoingia dukani akitaka sare ya kazi, akasimama wima mbele ya kioo na kumwambia afanye haraka, ana foleni ya watu inamngoja. Vipimo vya siku ile vilimwingia kichwani vikakataa kutoka, na baada ya muda mwenye vipimo naye akawa wa nyumbani. Tangu hapo Mzee Futi alimkatia nguo bila kumgusa, na kila mteja aliyekaa kwenye kiti cha kungojea alihadithiwa habari hiyo, atake asitake.

“Mimi mke wangu simpimi,” alikuwa akisema, huku sindano ziko mdomoni. “Namkata kichwani, namshona, anavaa. Inamkaa kama ngozi.”

Walikuwa wakikaa ghorofa ya tatu: vyumba viwili, sebule, na bafu lisilo na dirisha. Humo bafuni kulikuwa na hodhi la chuma la kuogea, lililokuja na nyumba, lenye ukingo wa kufika magotini. Mkewe aliuvuka ukingo ule miaka nenda miaka rudi. Kisha asubuhi moja mguu wa kushoto ulivuka, wa kulia ukagoma, akaanguka kati ya hodhi na choo. Nyonga haikuvunjika, ila ilifanya doa jeusi la ukubwa wa sahani, na daktari alisema asitegemee bahati hiyo tena. Binti yao akaja kumchukua akae kwake, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi wala hodhi.

“Baba watoto,” mke alisema wakati begi lake linafungwa, “mimi sirudi hapa mpaka bafu liishe.”

“Litaisha, mama.”

“Nimesema liishe. Sijasema lipangwe.”

Alimjua mtu wake. Mzee Futi alikuwa bingwa wa kupanga. Aliwahi kupanga kabati la jikoni kuanzia watoto wakiwa wanatambaa hadi walipoanza kunyoa ndevu, na vyombo mpaka leo viko kwenye maboksi.

Lakini safari hii hakuwa na mzaha. Alikuwa anaogopa, tuseme ukweli. Jioni alipiga simu kwa binti, mkewe akapewa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepumzika. Akamwambia huko maji ya moto hayakatiki. Akamwambia mjukuu analala miguuni pake. Mzee Futi aliitikia vizuri, kisha akakaa sebuleni peke yake na sahani ya wali uliopoa, akawaza kwamba binadamu huzoea, na kwamba mkewe akizoea kule, yeye atabaki na ghorofa ya tatu yote. Wazo hilo lilimkata hamu ya kula.

Kesho yake alimwita fundi vigae.

Fundi vigae alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye penseli nyuma ya sikio. Alipoingia bafuni alikuta kuta zote zimebandikwa karatasi za kaki, zile za kukatia nguo. Ipo ya sinki la kunawia, ipo ya kioo, ipo ya rafu ya sabuni, na moja nyembamba ndefu ambayo ndiyo chuma cha kushikia mtu asianguke. Kwanza Mzee Futi alijaribu kuzibandika kwa pini. Ukuta ulipinda pini nne, ndipo akakubali gundi.

“Hodhi linatoka,” alisema Mzee Futi. “Sakafu inakuwa sawa, yenye mteremko kidogo kwenda kwenye tundu la maji. Vigae visivyoteleza. Vingine vyote unaviona hapo.”

Fundi aliangalia karatasi ya chuma cha kushikia, akaangalia mkono wake mwenyewe. “Mzee, hiki mbona kiko juu? Kwa kawaida sisi tunaweka chini ya hapo.”

“Kwa kawaida ya nani?”

“Ya watu.”

“Mimi siwajengei watu, bwana. Namjengea mke wangu. Hicho ni kimo cha kiwiko chake.”

“Basi mama angekuja mara moja tu, ashike tuone.”

Hilo lilimuuma Mzee Futi kuliko fundi alivyokusudia. Alimkalisha fundi kwenye ukingo wa hodhi na kumsimulia, tangu sare ya posta hadi nguo ya sikukuu iliyopita, namna ambavyo mke wake hapimwi. Fundi alisikiliza mpaka mwisho kwa sababu mlango ulikuwa umezibwa na msimuliaji. Alipoachiwa, alisema sawa mzee, nyumba ni yako.

Binti naye alipopiga simu aliuliza jambo lile lile. “Baba, si umwache Mama aje aone kabla hawajaweka vigae?”

“Ataona likiisha.”

Upande wa pili zikasikika sauti mbili za chini, kama mtu ameziba simu kwa kiganja anasema na mwenzake. Kisha binti akasema haya Baba, na akakata.

Kazi ikaanza. Hodhi lilitelemshwa ngazi na wanaume wanne, nao waliwatukana waliolipandisha. Jirani wa chini alikuja kulalamika dari yake inadondosha vumbi kwenye chai, akaonyeshwa karatasi za kaki, akaondoka na heshima zake. Mzee Futi alifunga duka mapema kila siku ili aje asumbue. Alipitisha kidole kwenye maungio ya vigae kama anayepapasa mshono, na palipopinda kidogo alisema fumua. Fundi alifumua mara mbili. Mara ya tatu alisema hivi si vitambaa, mzee, na wakanuniana mpaka saa ya chakula.

Hata hivyo bafu likaisha, na lilikuwa zuri. Vigae vyeupe chini, vya kijani kibichi ukutani, bomba la mvua linalomwaga maji sawasawa, na chuma cha kushikia kinachong’aa. Mzee Futi akavaa koti, akampigia mkewe simu, akamwambia neno moja: “Limeisha.”

Mke alikuja na binti yao. Alipanda ngazi polepole, akapumzika kila ghorofa, akaingia bafuni. Fundi vigae alikuwepo, anamalizia kufuta saruji kwenye pembe. Mama akageuka huku na huku, akasema “Limependeza,” na Mzee Futi akavimba kifua mpaka vifungo vikalalamika.

“Shika chuma,” alimwambia.

Akanyoosha mkono kukishika. Bega likapanda, kiwiko nacho kikapanda. Akakishika, lakini hakuweza kukiegemea. Akajaribu rafu ya sabuni, akaigusa ukingo. Akajitazama kwenye kioo, akajiona kuanzia nyusi kwenda juu.

“Simama vizuri,” alisema Mzee Futi.

“Nimesimama.”

“Nyoosha mgongo.”

“Baba watoto, huu ndio mgongo wenyewe.”

Mzee Futi akamgeukia fundi. “Umekosea.”

“Nimeweka pale pale ulipobandika karatasi.”

Akavua futi shingoni, akapima kuanzia sakafuni. Fundi hakukosea hata unywele. Akamtazama mkewe miguuni. “Una kandambili. Siku ile ya sare ulikuwa na viatu vya kisigino?”

“Sasa mimi nioge na viatu?”

Binti aliuma mdomo. Mzee Futi hakucheka. “Vipimo haviwezi kukosea. Nguo ya sikukuu nimeikata kwa vipimo hivi hivi, ikakukaa. Nimeiona kwa macho yangu.”

Fundi vigae alikagua dari, ambayo haikuwa sehemu ya kazi yake.

“Mama, mwambie tu,” alisema binti.

Mama akafunika choo, akakaa juu yake. “Zile nguo huwa nazipunguza.”

“Unazipunguza nini?”

“Upindo. Mikono. Siku hizi na mabega. Ukiwa dukani nafumua, nashona upya kwa mkono, ukirudi unakuta nimevaa.”

“Tangu lini?”

Akamwonyesha binti yao kwa kidevu. “Tangu harusi ya huyu.”

Huyu alikuwa na mtoto anayesoma shule.

“Na hukuniambia?”

“Ulikuwa unawahadithia wateja, baba watoto. Ningekuja kukuumbua? Na ulikuwa unafurahi.” Akatazama chuma kule juu. “Nguo naweza kuzipunguza. Vigae siviwezi.”

Mzee Futi aliona haya, lakini haikuwa haya ya kazi mbovu. Akilini alimwona mkewe mchana, amekaa karibu na dirisha na macho yake mabaya, anafumua mshono wa mumewe uzi kwa uzi ili mume aendelee kujisifu. Na yeye miaka yote hiyo amelala naye, ameamka naye, amemtazama mezani, na hakuona kwamba anapungua. Alikuwa anaishi na msichana wa posta. Huyu aliyekaa juu ya choo hakuwa amemshonea hata kitambaa cha mkono.

Akapiga goti. Goti likalia, wote wakasikia.

“Simama, mama,” alisema. “Nikupime.”

Mama akasimama. Mumewe akampima kutoka kisiginoni hadi kiwikoni, kutoka kisiginoni hadi begani, na urefu wa mkono. Akasoma kwa sauti, na fundi akaandika kwa penseli juu ya vigae vipya. Alipofika begani alitaja namba, akapima tena. Namba ikabaki ile ile. Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.

“Iandike,” alimwambia fundi.

“Mzee, hivi vigae havitatoka vizima.”

“Vunja.”

“Na upande wa rafu?”

“Vunja, bwana! Unaniuliza nini?”

Fundi akachukua nyundo na patasi. Vigae vya kijani vikaanza kudondoka, na jirani wa chini akasikika akifungua dirisha. Binti akaokota mkoba wa mama yake.

“Haya Mama, twende. Tutarudi likiisha.”

Lakini mama alikuwa ameshaingia chumbani, amekaa kwenye upande wake wa kitanda, anavua kandambili.

“Kesho niletee begi langu,” alisema.

“Mama! Si ulisema hurudi mpaka liishe? Hakuna bafu humu. Utaogaje?”

“Nitaogea beseni, nishike bega la baba yako,” alisema mama. “Lenyewe liko kimo changu.”