Ukingo wa Singa ya Mkonge

Zuhura Mwinjuma wa Mafiga alikuwa na macho yaliyojulikana kiwanda kizima. Kwa miaka kumi na minane alikaa kwenye chumba cha ukaguzi cha kiwanda cha nguo, akichungulia nyuzi kwa lenzi, na uzi ulionenepa hata kidogo haukumpita. Kisha ukaja ubinafsishaji. Wafanyakazi wakapunguzwa, naye akajikuta analima mchicha kando ya Mto Ngerengere.

Mwaka 1996 mtafiti kijana, Dokta Ernest, alikuja kumuulizia. Mashamba ya mkonge yalikuwa yakipata wamiliki wapya, na hao walitaka kujua mkonge wa aina gani hutoa singa, yaani nyuzi za majani yake, nyembamba na zenye unene ulio sawa. Ernest alikuwa na hadubini yenye kamera iliyounganishwa na kompyuta. Alichokosa ni mtu mwenye subira ya kupima singa elfu nne. Alimkuta Zuhura akimwagilia matuta, akamwamkia shikamoo, akaeleza haja yake. Hakuwa amemaliza, Zuhura ameshakubali.

Kazi yenyewe ilimteka tangu siku ya kwanza. Singa iliwekwa chini ya hadubini, kompyuta ikapita juu ya picha kutoka upande hadi upande na kuchora grafu ya mwanga. Penye hewa tupu mstari ulikuwa juu; penye singa ulishuka kama bonde. Upana wa bonde ndio unene wa singa. Tatizo ni kwamba kuta za bonde hazikusimama wima. Mwanga ulififia polepole, basi singa inaanzia wapi hasa? Ernest alikuwa amechagua kiwango kimoja: mwanga ukishuka chini ya mia moja, hapo ni singa.

Siku ya nne, kwa desturi yake ya kiwandani, Zuhura alirudia mchana singa aliyoipima asubuhi. Akaikuta imenenepa. Ernest alidhani labda aliilaza vibaya. Zuhura hakubishana naye. Aliiacha palepale, asiiguse, akawa anapima kila baada ya dakika chache. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga ikawashwa, umeme ukapungua nguvu, taa ya hadubini ikafifia. Grafu nzima ikazama, na kwenye kile kiwango cha mia moja bonde likatanuka mbele ya macho yake.

"Dokta," alisema, "tunapima taa, hatupimi singa."

Ernest aliitazama ile grafu, akaona ni kweli. Kisha akavuta kiti na kumweleza kwamba iko njia nyingine: usiulize mwanga umefika kiwango gani, uliza ni wapi unaposhuka kwa kasi kuliko kwingine kote. Hapo penye mteremko mkali ndipo ukingo. Wakajaribu. Taa ikififia, bonde lilipungua kina, lakini mteremko mkali haukuhama.

Furaha yao haikufika jioni. Kila punje ya vumbi nayo ilikuwa na mteremko wake, na kompyuta ikaanza kuonyesha kingo hewani na katikati ya singa. Ernest alikaribia kukata tamaa. Zuhura akamkumbusha kwamba kiwandani hakuna uzi uliohukumiwa kwa kupimwa mahali pamoja. Kwa nini wasichukue mistari ishirini ya picha iliyopakana, watafute wastani wake ili vumbi lipotee humo, ndipo watafute mteremko? Ernest aliandika maagizo mapya kwenye kompyuta asubuhi nzima. Grafu ilipotokea, ilikuwa laini kama imepigwa pasi.

Ikabaki kuthibitisha. Mumewe, Halidi, alikuwa fundi wa kusuka mota, hivyo Zuhura akamwomba kipande cha waya mwembamba wa shaba. Wakaupima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene cha karakana yake: sehemu mbili za kumi za milimita. Akauweka chini ya hadubini, akaisubiri mashine ya kusaga kwa hamu, yeye aliyeilaani wiki nzima. Ilipoanza kunguruma, njia ya zamani ikaunenepesha waya. Njia mpya ikatoa mbili za kumi. Akarudia mara saba, jibu likawa lilelile.

Hakuweza kukaa. Alizunguka meza akicheka mwenyewe, kanga ikimdondoka begani, huku Ernest akipiga makofi kama yuko uwanjani. Vipimo vya siku nne za mwanzo vilitupwa, na Zuhura akaanza upya bila kinyongo.

Katika mwezi wa nne wa kazi hiyo walimaliza singa zote. Wenye mashamba walipokuja kusikiliza, Ernest alimsimamisha Zuhura aeleze. Zuhura alishika chaki. Halafu akachora bonde ubaoni, mmoja wao akauliza swali, na kikao kilichopangiwa nusu saa kikaenda hadi adhuhuri.