Upande wa Cheni

Niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba baiskeli ikipigwa picha upande wa cheni inakuwa nzito. Habari hiyo niliipata kwenye kivuko cha Sengerema, kwa bwana mmoja aliyeapa kwamba baiskeli ya shemeji yake ilipigwa picha asubuhi, na jioni wanaume wanne wakaisukuma kama ng'ombe aliyegoma. Sikumuuliza hata swali moja.

Nikiwa na elimu hiyo nikaanza kazi studio ya picha, pale Kirumba, Mwanza. Msimamizi wetu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kujaza uwanja wa mpira. Siku ya kwanza alinikabidhi kamera, akaanza somo.

"Uso wa baiskeli ni cheni," alisema. "Onyesha cheni. Kanyagio la mbele liwe sambamba na ardhi, usukani uelekee kwako kidogo. Na chuchumaa! Ukipiga umesimama, unampa mteja picha ya tandiko."

Nilichuchumaa mpaka magoti yakalia. Cheni sikuionyesha. Msimamizi akiingia chumba cha giza kusafisha mikanda, mimi huku nageuza baiskeli haraka. Nadhani nusu ya baiskeli za Mwanza nimezipiga picha mimi, zote upande usio na cheni. Akiuliza, najibu mwanga ulikataa. Moyoni nilijua nawaokoa watu.

Sasa nimestaafu, magoti ndiyo yaliyoomba. Ninyi wa simu mnapiga, mnafuta, mnarudia. Sisi mkanda ukiisha, umeisha. Lakini jua ni lile lile. Saa saba mchana chuma kinachong'aa kinamwaga mwanga mpaka baiskeli haionekani. Subirini saa kumi na moja. Tafuteni ukuta mtupu, maana mbele ya majani spoku zinapotea. Mwenye baiskeli asimame nyuma yake, asiifunike. Na kabla ya yote muulizeni: ni kitu gani cha baiskeli hii unakipenda? Mimi sikumuuliza Mama Kabula.

Mama Kabula alikuwa muuza dagaa wa soko la Mwaloni. Alileta baiskeli aliyoachiwa na marehemu mumewe, naye amevaa kitenge kipya. Nikaigeuza, nikapiga.

Baada ya muda ikaibwa. Ikaonekana ng'ambo ya ziwa, Sengerema, kwa mtu aliyedai ni yake. Mtendaji wa kijiji akaishikilia, akataka ushahidi. Alama ilikuwa moja tu: kwenye kava la cheni, marehemu alichomelea bati lenye umbo la samaki. Bila baiskeli ile, mama alikuwa anabeba dagaa kichwani, nusu ya wateja wake hawafikii.

"Mwanangu, nipe nakala ya ile picha," akaniambia.

Nikampa. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, kana kwamba cheni ingekuwa mgongoni mwa karatasi.

"Samaki yuko wapi?"

Msimamizi akanitolea macho. "Mwanga ulikataa, siyo?"

Akatoa negativu zote za siku ile, tukazipekua moja moja dhidi ya taa. Kwenye picha ya bibi harusi mmoja, nyuma ya shela, tukaiona: baiskeli ya Mama Kabula imeegemea ukuta ikisubiri zamu, cheni upande wetu, samaki yupo. Nilipiga bila kuiona. Tukaikuza, na Msimamizi akaniamuru niende Sengerema na Mama Kabula nikaeleze kwa mdomo wangu.

Mtendaji aliishika picha kando ya kava, akamgeukia yule aliyedai baiskeli ni yake. "Haya, huyu samaki alichomelewa na nani?"

"Nilinunua hivyo hivyo, mkubwa. Aliyeniuzia simkumbuki."

"Mrudishie mama baiskeli yake."

Kwenye kivuko cha kurudi Mama Kabula aliushika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, ungedhani ziwa linaitaka. Mimi furaha yangu ilikuwa imeingiwa na wasiwasi.

"Mama, samahani. Tangu siku ile ya bibi harusi mpaka ilipoibwa, haikuwa nzito?"

"Nzito kwa nini?"

Nikamweleza yote: picha, cheni, shemeji, wanaume wanne. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama, akapitisha kidole kwenye cheni, akanionyesha kutu.

"Mwanangu, baiskeli inakuwa nzito ikikosa mafuta. Picha haiifanyi kitu."