Kome Waliomla Khoan

Kisiwani katikati ya Mto Hương, pale mjini Huế, Lựu aliuza wali wa kome tangu aolewe. Mumewe Khoan aliwavuna kwa kukokota reki chini ya maji, vikome vidogo kama kucha. Lựu aliwachemsha, akawakaanga, akawamwaga juu ya wali kiporo pamoja na ua la mgomba lililokatwakatwa, birimbi, mnanaa, karanga na ngozi kavu ya nguruwe. Pilipili na uduvi uliovundikwa vilikaa kando, kila mtu ajitilie.

Mashine za kuchota mchanga zilipochimbua mto, kome wakaadimika. Khoan akaenda mbali zaidi kuwatafuta, akakanyaga shimo, maji yakamchukua. Alipoopolewa matopeni siku kadhaa baadaye, mwili haukuwa mzima.

Matanga hayajapoa, maneno yakaanza.

"Kome hula kila kinachooza," muuza mboga wa jirani alinong'ona, makusudi asikike. "Nani ajuaye hawa wamekula nini?"

Wateja wakawa wanapita wakitazama pembeni. Jioni Lựu akawa anamwaga supu yote ya kome.

Asubuhi moja mama yake Khoan alikuja kibandani, akaketi mbele, palipoonekana na wote.

"Nipakulie, mwanangu."

"Mama, tafadhali..."

"Nipakulie. Na kome usinibanie!"

Akala mpaka akaramba bakuli. Kisha akasimama. "Mwanangu amewalisha nyinyi mpaka mashavu yakawavimba. Leo amekuwa uchafu? Anayeogopa apite zake, ila mdomo aufunge!"

Muuza mboga akajitia kupanga mchicha wake. Mwendesha baiskeli mmoja akaketi, kisha mwingine. Mchana sufuria ilikuwa tupu.

Lựu alipopeleka vyombo uani, alimkuta mama mkwe amepiga magoti penye mfereji, anatapika nyongo.

"Kila nikitafuna namwona yeye," bibi alisema akijifuta kwa kiganja.

"Basi tuache, mama. Niuze kitu kingine."

"Kipi? Unajua kupika nini kingine ambacho watu watakinunua?"

Lựu alimnawisha uso, akamlaza.

Kesho yake akanunua tena kome kwa wavuvi, akawasha moto. Wateja wakarudi wote, hata muuza mboga. Ila Lựu hakuionja tena supu yake. Chumvi aliitia kwa kukisia, na wateja wakilalamika imezidi, aliongeza maji.