Boriti ya Tisa

Mimi ni fundi wa nyumba za mawe, na hakuna chuo kilichonifundisha. Shule nilikaa mwaka na kitu nikatoka. Msahafu nilihitimu, hesabu ninayoijua ni ya dhiraa na kamba, na nyumba za mtaa wa Mkomani nilizozitia mkono, ukitaka kuzizungukia zote kwa siku moja, miguu itakuuma. Nilikuja mjini kutoka Kipungani na mkeka mmoja alioushona mama yangu, nikaanza kwa kubeba mawe kichwani. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba hofu nitakayoieleza ni ya mtu aliyezaliwa mwoga. Nimetembea juu ya kuta ambazo paka hawakanyagi. Hofu ya kuanguka mimi siijui. Hii ilikuwa hofu ya kuangusha.

Kwa asiyejua nyumba zetu: dari hushikwa na boriti, miti ya mikoko iliyonyooka, inayolala kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Vichwa vyake huingizwa ndani ya ukuta. Juu yake hupangwa mawe, yakafuata chokaa na kokoto, vikashindiliwa mpaka vikawa sakafu ya ghorofa ya juu. Uzito wote huo umelalia vile vichwa vilivyomo ukutani, ambavyo havionekani. Fundi akishaviziba, habari yake anaijua yeye na Mola wake.

Nyumba ninayoisema ni ya Bi mmoja, mjane, mwenye ulimi ambao mtaa mzima unauheshimu. Dari la ukumbi wake wa chini lilikuwa limeshuka, akaniita nilitoe lote niweke jipya. Nikamwambia nitamaliza kabla ya Ramadhani. Hiyo ndiyo sifa yangu tangu ujana: siku niliyosema ndiyo siku. Mafundi wengine walikuwa wakisema inshallah, na kila mtu akijua maana yake ni mwezi wa pili. Mimi nilikuwa nikitaja siku.

Zilihitajika boriti kumi na nane. Mashua ilizileta kutoka Ndau, na tatu katika hizo zilikuwa zimepinda kama mundu, hazifai hata kujengea banda. Mashua nyingine ingekuja baada ya wiki mbili au zaidi. Ramadhani ilikuwa wiki moja mbele. Nikaenda kwenye rundo la boriti kuukuu tulizozitoa, nikachagua tatu zilizoonekana nzima.

Fundi mwenzangu akachukua nyundo akazigonga. Boriti nzima hulia. Iliyooza hujibu kama papai bivu. Hizi katikati zililia vizuri, lakini alipofika vichwani nyundo ikanyamaza.

"Bwana, hizi vichwani zina maradhi," akasema. "Zikate."

"Nikizikata hazitafika ukutani."

"Basi ngoja mashua."

"Mimi sijawahi kungoja mashua."

Akanitazama, akaweka nyundo chini, akasema, "Haya, kazi ni yako." Nikaziweka mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Nikazitenga ili kila mbovu ipakane na nzima: ya nne, ya tisa na ya kumi na nne, ukihesabu kutoka mlangoni. Nikajiambia kwamba nzima zitawabeba wenzao. Nikaziba vichwa kwa chokaa, tukazipaka nyekundu na nyeusi kama zilivyo zote, na siku mbili kabla ya mwezi kuandama nikamkabidhi Bi ukumbi wake. Aliniombea dua mpaka nikaona haya. Lakini haya ile haikunifungua mdomo.

Fundi mwenzangu alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu. Basi nikabaki peke yangu na ile siri. Mtu angedhani ningepumua. Mimi niliacha kupita ile ndia ya mlangoni kwa Bi. Kutoka kwangu kwenda msikitini nilikuwa nikizunguka nyuma, kwenye uchochoro wa punda na mavi yake, miaka minne, na mke wangu akidhani nafanya mazoezi ya kuzuia magonjwa ya wazee. Mvua kubwa ikinyesha nilikuwa nikikaa nikisikiliza. Nilikuwa nasikiliza nini, na nyumba yenyewe iko mitaa mitatu mbali? Sijui. Nilisikiliza tu.

Mwaka wa nne, asubuhi moja, Bi akanikamata sokoni.

"Bwana fundi! Mbona wanikimbia kama mke uliyemwata?"

"Sikukimbii, Bi. Kazi."

"Kazi gani, na mvi hizo? Sikiliza. Mjukuu wangu aolewa. Alhamisi baada ya alasiri wanawake watateza ngoma kwangu, yuu ya ule ukumbi wako. Mtaa mzima. Na wengine wana miili kama mimi." Akacheka, akajipiga nyonga. "Dari lako litatuhimili?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Mungu alinipa mlango na Bi mwenyewe akaufungua. Watu walikuwa wamesimama pale, muuza samaki amenyamaza asikie fundi atajibu nini. Nikasema, "Hata mkipandisha ndovu."

Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka.

"Basi ndoo uone nyumba tulivyoipamba," akasema, akanivuta mpaka kwake. Niliingia ule ukumbi mara ya kwanza tangu nilipoukabidhi. Sikutaka kutazama juu. Nikatazama chini, na chini ndiko kulikokuwa na jibu. Juu ya mkeka, kando ya ukuta, palikuwa na fungu dogo la unga wa njano, laini kama wa mhogo. Nikahesabu kutoka mlangoni bila kutaka. Tisa.

"Hiyo takataka huifagia kila siku," Bi akasema. "Asubuhi imerudi. Ni nini?"

"Vumbi la chokaa, Bi."

Chokaa ni nyeupe. Hata yeye anajua chokaa ni nyeupe. Lakini alininyamazia kwa kuwa mimi ndiye fundi.

Tangu saa ile mpaka Alhamisi chakula kilikuwa mchanga mdomoni. Nilikuwa nikijihesabia: wanawake hamsini, wakipiga mguu mmoja kwa pamoja, ni uzito gani? Kamba na dhiraa hazikunisaidia. Nikajiambia boriti kumi na tano ni nzima. Nikajiambia dari limekaa miaka minne. Kisha nauona ule unga, naanza hesabu upya. Mara mbili nilivaa kofia niende kwa Bi, na mara mbili nikavua. Nilikuwa naliogopa dari, na nilikuwa nawaogopa wale watu wa sokoni. Nitasema kweli: wa sokoni niliwaogopa zaidi.

Alhamisi baada ya adhuhuri mke wangu akatoa leso zake mpya sandukuni, akaanza kujifukiza udi. Nikasimama mlangoni.

"Leo usende."

"Nisende wapi?"

"Ngomani."

"Kwani nina nini? Nimeoza?" Akacheka, kisha akaniona uso. Tumekaa pamoja miaka thelathini na kitu, uso wangu anausoma kuliko nisomavyo mimi barua. Akaweka chini chetezo. "Una nini wewe?"

"Dari haliko sawa."

"Dari la nani?"

"La Bi. Mle ukumbini."

"Nani amekwambia?"

Nikatazama chetezo. Akanisogelea.

"Nauliza nani amekwambia."

"Nililiweka mimi. Boriti tatu nilijua zimeoza vichwa. Nilikuwa nakimbilia Ramadhani."

Sikuwahi kuyasema maneno hayo kwa sauti. Yalikuwa mafupi. Miaka minne nimeyabeba, na yamekwisha kabla moshi wa udi haujafika darini.

Mke wangu hakupiga kelele. Alijifunga leso, akavaa buibui, akatafuta viatu.

"Wenda wapi?" nikamuuliza.

"Ngomani."

"Si nimekwambia!"

"Umenambia mimi. Wenzangu umewaambia? Mimi nikae hapa nipone, wao wavunjike vitwa, kesho niende matangani nikawape pole?" Akaufungua mlango. "Ukitaka nisende, kawaambie wote. Ama sivyo nitateza, na nitateza yuu ya hiyo boriti yako."

Akaenda zake. Nikabaki na chetezo kinafuka. Adhana ya alasiri ikalia. Watu walisali mimi nimekaa, Mungu anisamehe. Nilitoka mbio, mtu wa umri wangu, kanzu nimeikunja mkononi, na nilipita ndia ya mbele.

Ngoma niliisikia kabla sijafika. Barazani walikuwa wamekaa wanawake wawili wakipokea wageni, na mmoja akanyoosha mguu kunizuia.

"Bwana fundi, umepotea? Wanaume wako msikitini."

"Namtaka Bi."

"Bi yu yuu ateza. Rudi kesho, utakula pilau baridi."

"Nipishe, mwanangu."

"Ajabu! Mzee ataka kuchungulia wanawake!"

Wakacheka. Niliruka ule mguu nikaingia ukumbini. Hakukuwa na mtu ndani. Juu, miguu ilikuwa ikishuka pamoja, inanyamaza, inashuka tena. Kila iliposhuka, kutoka kwenye kichwa cha boriti ya tisa ulitoka uzi mwembamba wa unga, ukakatika, ukatoka tena. Na chokaa niliyoizibia kichwa ilikuwa imepasuka ufa wa kuingia kidole. Nilisimama chini yake, unga ukaniangukia begani.

Nikaenda kwenye ngazi. Mwanamume hapandi ngazi ile siku kama ile. Nikaita kutoka chini. Ngoma ikala sauti yangu. Nikaita tena, mpaka kifua kikaniuma: "Simamisheni! Dari bovu! Nimeliharibu mimi! Mimi fundi!"

Mpigaji akasikia, ngoma ikafa. Sauti ya Bi ikashuka.

"Wasemaje wewe?"

"Shukeni, Bi. Mmoja mmoja. Piteni kando ya ukuta wa dirishani, msikimbie. Boriti nilizoweka zimeoza. Nilizijua tangu siku ile."

Walishuka, wamejitanda leso nyusoni kwa ajili yangu, nami nimegeukia ukuta kwa ajili yao. Nilihesabu miguu ikipita nyuma yangu. Mmoja akasema, "Ndovu wako yu wapi?" Mwingine akatema mate. Mmoja alinigusa bega kidogo tu, nikajua ni mke wangu kwa udi wake. Bi alishuka mwisho, akihema. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

"Yana sokoni nilikuuliza," akasema. Haikuwa jana, ilikuwa siku tatu nyuma, lakini sikumrekebisha.

"Uliniuliza."

"Nionyeshe."

Akawapeleka wageni nyumba ya jirani waendelee huko, kwa sababu bibi harusi hana kosa. Kisha akarudi akasimama mlangoni. Nilikita nguzo mbili chini ya dari, nikapanda, nikakwangua chokaa kwenye kichwa cha boriti ya tisa. Nyundo sikuihitaji. Kilitoka kwa vidole, kama halwa iliyokauka. Nikamtilia Bi kiganjani. Akakitazama, akakipuliza, kikaenda.

"Utamaliza lini kulitengeza?" akauliza.

Mdomo ulikuwa umeshajiandaa kutaja siku. Nikaufunga.

"Sijui, Bi. Mashua ikija na boriti nzuri. Zikiwa mbaya nitangoja nyingine."

"Wewe hujui?"

"Sijui."

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Wako waliosema nimewaokoa watu, na hao sikuwapenda, maana hawakuelewa. Wako waliosema dari lingekaa miaka kumi mingine na mzee amechanganyikiwa. Huenda. Ile ya nne nilipoifungua ilikuwa na uzima bado wa kutosha. Ya kumi na nne ilikuwa mbaya kuliko ya tisa. Wenye nyumba watatu waliniita nikawagongee boriti zao mbele ya macho yao, na siwalaumu. Niligonga kila moja. Wa nne alimwita fundi mwingine.

Kwa Bi nilirudia kazi yote, na zile nzima nilizitoa vichwa nikazikagua. Mashua ya kwanza nilirudisha boriti mbili. Ilichukua muda wake. Nilipomaliza, Bi alikuja na mkeka akautandika chini ya boriti ya tisa.

"Kaa hapo," akasema.

"Nikae?"

"Wanawake wako yuu washangoja. Ngoma waliyokatizwa waitaka. Wewe kaa hapo mpaka wamalize."

Nikakaa. Ngoma ikaanza. Nilikuwa naijua kila boriti pale juu, nilikuwa nimezigonga mara tatu tatu, na hata hivyo miguu iliposhuka pamoja nilifumba macho nikaanza kusoma Yasini. Nilishika mkeka.

Baada ya muda nikasikia kitu kikiwekwa chini. Bi alikuwa ameleta birika la kahawa na vikombe viwili. Akakaa kwa taabu, magoti yakilia, kando yangu, chini ya boriti hiyo hiyo, akatazama juu.

"Una hofu?" akaniuliza.

"Ninayo, Bi."

"Na mimi," akasema, akamimina.