Nilinyoosha Mgongo, Wakwe Wakaondoka Bila Kunawa

Kosa ni langu. Msije mkamtafuta mchawi wala jirani mwenye kijicho. Ni mimi na mgongo wangu. Naandika huku nacheka, nikimaliza kucheka naona aibu, halafu nacheka tena. Nivumilieni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bondeni, Kyela. Ndimi kifungua mimba kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikakalia cherehani ya mama, na wadogo zangu wakala, wakavaa, wakasoma. Silalamiki. Ila ukijikunja juu ya cherehani miaka nenda rudi, mgongo nao hufika mahali ukadai haki yake. Nilifika mahali nashuka kitandani kwa kutambaa.

Aliyenionea huruma ni mdogo wangu wa kike. Nitamwita Sekela, ingawa si jina lake. Alinitafutia kwenye simu video za mazoezi yanayoitwa pilatesi. Mwalimu wake ni mama mmoja anayeongea taratibu kama anabembeleza mtoto: lala chali, vuta kitovu kiende kwenye uti wa mgongo, shusha mabega yaache masikio, pumua kwa mbavu. Usitumie nguvu pasipo na kazi. Kila mwendo uwe na sababu.

Jamani, yale maneno yaliniingia! Kila alfajiri natandika mkeka wa ukindu sebuleni, nainua miguu, nakunja, nakunjua. Maumivu yakaanza kuniaga. Nikajiona nimerefuka. Nikipita sokoni shingo juu, watu wananiuliza kama nimepata mchumba. Mama mmoja jirani, muuza ndizi, akasema hayo mazoezi ya Pilato yatakuja kunisulubisha. Nikamwambia arudishe mabega nyuma.

Ulevi ukaanzia hapo. Nilisahihisha migongo ya kwaya nzima ya kanisani, hadi mwalimu wa kwaya akaniomba nikae benchi la mwisho. Nyumbani nikapandisha cherehani juu ya matofali na kuhamisha masufuria yote yawe usawa wa bega. Wadogo zangu nikawafundisha kuokota kijiko kwa kukunja nyonga bila kupinda mgongo. Walinicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka nao. Tangu mama aondoke nyumba yetu haikuwahi kuwa na kelele ya namna ile.

Basi, wazee wa upande wa mchumba wa Sekela wakatuma habari kutoka Ipinda kwamba wanakuja kujitambulisha. Sekela alipata homa ya furaha. Baba mdogo angesema ya wanaume, na mimi ningesimama mahali pa mama.

Kwetu aliye mahali pa mama ana kazi yake. Chakula kikiiva, anachukua jagi na beseni, anapiga magoti mbele ya mgeni, anamnawisha, ananyanyuka, anakwenda kwa mwingine, anapiga magoti tena, hadi amalize ukumbi. Sekela aliniuliza mara mbili, "Dada, utanawisha wewe, eti?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kumbe nilikuwa nimeshapanga yangu! Nilipiga hesabu ya kipilatesi: kuinama na kuinuka kwa kila mtu, huo si upotevu wa mwendo? Nikaweka kigoda mlangoni, juu yake beseni, jagi na sabuni mpya. Kila mtu ajinawie. Na salamu nikazipunguza. Badala ya kumwendea mzee mmoja mmoja, nilisimama katikati ya sebule, kitovu ndani, kidevu sawa, nikawapa shikamoo moja ya jumla.

Nilijiona malkia!

Wanaume waliinuka, wakakitazama kigoda, wakatazamana, wakaketi tena. Lakini shangazi wa mchumba, mama mtu mzima mwenye sauti katika ukoo wao, hakuinuka. Alikaa kwenye kochi, mikono ameitanguliza mbele, viganja juu, anasubiri maji. Mimi nikatabasamu, nikamwonyesha kigoda. Akaendelea kusubiri. Mimi nikaendelea kupumua kwa mbavu.

Wali wa Kyela ulikuwa unatoa moshi, samaki mbasa amelala kwenye mchuzi wake, na hakuna aliyegusa.

Mwisho akasema, kwa upole unaokata, "Mwanangu, hapa kuna mtu wa kuninawisha, au nimekuja kwenye gwaride?"

Mimi, badala ya kushuka chini, nikaanza kumweleza faida za mgongo ulionyooka! Ee Mungu wangu. Shangazi akawaita vijana wake wawili. Wakamshika kwapani, mmoja huku, mwingine kule, wakamnyanyua polepole, naye akauma mdomo. Kiuno chake kilikuwa kibovu kuliko changu cha zamani. Mimi niliyesahihisha migongo ya kanisa zima sikuuona mgongo wa mgeni wangu.

Waliondoka bila kunawa, bila kula. Mshenga wao alisema watakwenda kushauriana. Mnajua maana yake.

Sekela nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye migomba, amejifunika kitenge. Nikaanza kujitetea. Akanikatisha.

"Dada, umesimama miaka yote kwa ajili yetu. Leo tu ndiyo nilitaka upige magoti."

Hapo ulevi wote ukanitoka.

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi Ipinda. Nilishukia barabarani nikashika njia ya katikati ya mashamba ya mpunga, beseni kichwani, jagi na samaki wakavu ndani ya beseni. Shangazi alikuwa barazani. Aliniona tangu mbali, akanisubiri mpaka nikafika.

"Na leo umekuja kufundisha?"

"Nimekuja kunawisha, mama."

Nikateka maji, nikapiga magoti. Sasa sikieni maajabu: mgongo haukunisumbua hata kidogo! Ulinyooka wenyewe, jagi halikutikisika, maji yakashuka kama uzi. Shangazi akanawa kidole kimoja kimoja, kama anayechambua mchele. Alipomaliza akasema pale nyumbani wapo wengi. Nikamnawisha mume wake, wajukuu, jirani aliyekuja kuomba chumvi, na fundi wa paa aliyeteremshwa kwenye ngazi kwa ajili hiyo tu. Nashuka, napanda, nashuka, napanda, sishiki ukuta wala goti. Yule mwalimu wa kwenye simu angejivunia mimi!

Shangazi alikuwa ananitazama kiunoni.

"Kumbe magoti unayo. Na hicho kiuno kinachoinuka bila kushika kitu, umekipata wapi?"

Nikamwonyesha palepale, juu ya mkeka wake. Alipolala chali na kuvuta pumzi ya kwanza, alifumba macho. Kisha akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo. Dawa ilikuwepo kwenu siku ile, mkaninyima na maji."

Walirudi Bondeni Jumapili iliyofuata, na beseni nilizunguka nalo mimi. Harusi ni baada ya mavuno. Sharti lao ni moja: siku hiyo wageni wote wa upande wao ninawanawisha mimi, peke yangu, na shangazi atakuwa wa kwanza na wa mwisho. Sekela amenisamehe, ila kila akiniona nimesimama wima ananiuliza kama kuna mgeni.

Ninyi mnaoanza mazoezi na kujiona mmezaliwa upya, nawaonya. Nyosheni migongo, mimi pia sijaacha. Lakini mgeni akitanguliza mikono mbele, acheni kupiga hesabu ya mwendo. Shukeni chini na maji. Msipofanya hivyo mtatafutana naye kwenye mashamba ya mpunga na beseni kichwani, kama mimi.